Dopla, CT angio, MRI au katheta: upige picha gani mshipa wa tumbo ukishukiwa umebanwa (MALS)

Hii naiandika kwa mtu ambaye amekaa na maumivu ya chembe cha moyo muda mrefu, akila yanaanza, amepungua mwili mpaka nguo zinamvuka, ameshapigwa endoskopi madonda hayakuonekana, altrasaundi ya nyongo safi, dawa za ulsa ameshamaliza kozi juu ya kozi, na sasa kuna daktari mmoja ametaja MALS, yaani kano la kiwambo cha kifua kubana mshipa wa damu unaolisha tumbo, na kumpa fomu ya picha. Swali linakuwa picha gani, manake ziko nne na kila moja na bei yake na shida zake. Mimi nafanya kazi chumba cha picha hapa Mombasa kwa hio ntasema ninavyoona kutoka upande huo wa mashine.

Jibu la haraka kwa asokuwa na subira ya kusoma yote: anza na dopla (altrasaundi inayopima mwendo wa damu) kama utapata mtu anayeijua, lakini uamuzi wa kupasuliwa au kutopasuliwa usimame juu ya CT angio (CT ya mishipa ya damu), na hio CT iombwe sawasawa. CT ya tumbo ya kawaida na CT angio si kitu kimoja hata kama mashine ni ile ile na kitanda ni kile kile. Hapo ndipo watu wanalipa mara mbili.

Tuelewane kwanza kinachobanwa ni nini. Mshipa mkubwa wa damu, aota, ukishapita kile kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, tawi la kwanza kubwa linalochipuka kwa mbele ni silieki, ndilo linalopeleka damu kwenye tumbo la chakula, ini na bandama. Juu yake kidogo kuna kano linalounganisha miguu miwili ya kiwambo. Kwa watu wengi kano hilo linapita juu bila kuugusa mshipa, kwa wengine linakaa chini zaidi na linaukandamiza mshipa kutoka juu. Pale pale pana fundo la neva pia, ndio maana madaktari wengi wanaona maumivu si damu kupungua peke yake bali na neva kusumbuliwa. Lipshutz alishaueleza mbano huu mwaka 1917, kisha Harjola wa Ufini mwaka 1963 akaeleza mgonjwa aliyepona baada ya mbano kufunguliwa, na Dunbar na wenzake mwaka 1965 wakatoa kundi la wagonjwa, ndio mpaka leo wengine wanauita ugonjwa wa Dunbar.

Sasa shika hili kabla hatujaenda kwenye mashine: vitabu vinasema kano kukaa chini kiasi cha kuugusa mshipa kunapatikana kwa asilimia 10 hadi 24 ya watu, na wengi wao hawaumwi chochote, wanakula biriani ya harusi na kulala vizuri. Kwa hio picha inayoonyesha mshipa umebanwa haijasema bado kwamba ndio unaokuumiza. Ni picha pamoja na maumivu ya baada ya kula, pamoja na kupungua uzito, pamoja na magonjwa mengine kuondolewa moja moja. Ukienda kwa daktari eleza vizuri maumivu yanakuja lini. Wako wagonjwa wanaosema Ramadhani ndio wanapumua, mchana kutwa tumbo limetulia, mateso yanaanza wakishafuturu, tena si kwa sababu ya viazi vya karai au mafuta, hata uji na tende unawauma. Habari kama hio ina uzito kuliko unavyodhani, na mara nyingi mgonjwa haisemi kwa sababu hajaulizwa, au nyumbani wameshaamua ana kitu kimemkalia, au mtaani wameshaanza kunong'ona kwa vile amekonda. Msichana wa watu anakaa miaka akiambiwa anajinyima kula, kumbe anaogopa sahani kwa sababu anajua nusu saa baadae atakunja magoti kifuani.

Haya, dopla. Hii ni altrasaundi ile ile ya kupakwa mafuta ya baridi tumboni, tofauti ni kwamba inapima na mwendo wa damu. Mshipa ukiwa umebanwa damu inapita pale kwa kasi kubwa zaidi, na mashine inakupa kasi hio kwa sentimita kwa sekunde. Kasi ya juu ikizidi 200 kwenye silieki inaashiria mshipa umeziba asilimia 70 au zaidi. Lakini kwa MALS namba moja haitoshi, uzuri wote wa dopla uko kwenye pumzi. Mtu akitoa pumzi yote nje, aota na matawi yake yanapanda juu na kano linauma mshipa zaidi, akivuta pumzi ndani mshipa unashuka na mbano unalegea. Kwa hio mpigaji anapima ukitoa pumzi, anapima tena ukivuta, na akiwa mjuzi atakusimamisha na kupima umesimama. Kasi ikipanda sana ukitoa pumzi na kushuka ukivuta au ukisimama, hio ni alama ya kano, manake mshipa uliozibwa na mafuta haubadiliki kwa pumzi namna hio. Kigezo kimoja kinachotumika ni kasi kuzidi 350 pumzi ikiwa nje, pamoja na pembe ya mshipa kubadilika zaidi ya digrii 50 kati ya kuvuta na kutoa.

Faida zake ziko wazi: haina miale, haina sindano, ndio nafuu kuliko zote nne, mjamzito apigwa, mtoto apigwa, mwenye figo mbovu apigwa, na unaweza kurudia kuvuta na kutoa pumzi mara kumi bila hasara yoyote. Kwa upande wa pumzi hakuna mashine inayoishinda. Ubaya wake ni mmoja lakini mkubwa: inategemea mkono. Mashine za dopla zimejaa mjini, ila nyingi zinatumika kwa wajawazito na mishipa ya miguu, mtu aliyezoea kupima mishipa ya tumbo kwa pumzi si kila kliniki utamkuta. Unapopiga simu kuulizia usiulize "mna dopla?" uliza "mna mtu anayepima silieki na mesenteriki akivutisha pumzi?" Mesenteriki ni mshipa wa chini ya silieki, unaopeleka damu kwenye utumbo. Wakisita, tafuta pengine. Na gesi ni adui. Nenda asubuhi hujala saa 6 hadi 8, jana yake usiku achana na mbaazi na maharagwe na soda, asubuhi usitafune bigijii wala muguka, kutafuna kunakumezesha hewa. Kama mtu ni mnene au tumbo limejaa gesi mpigaji anaweza asiuone mshipa kabisa, na hapo ripoti ikiandikwa "haukuonekana vizuri" usiisome kama "mzima".

CT angio sasa, na hapa ntakaa maana ndipo kwenye mambo.

Kitu cha kwanza ni wakati. Dawa inayowekwa kwenye mshipa wa mkono, ile yenye ayodini, inafika kwenye aota mapema kabla haijasambaa mwilini. CT angio inapigwa hapo, mishipa ya ateri iking'ara kama taa. CT ya tumbo ya kawaida inapigwa baadae, ini na figo zikiwa zimeshakunywa dawa, nzuri kwa uvimbe na usaha lakini mishipa imeshafifia. Kitu cha pili ni vipande: viwe vyembamba, milimita 1 hivi, ili kompyuta iweze kuzigeuza picha upande wowote bila kukwaruza. Kitu cha tatu, na hiki ndicho kinachopotea kila siku, ni kuuangalia mshipa kwa ubavu, mkao ambao wataalamu wanauita sajitali. Ukiangalia vipande vya kawaida vya kukata mwili kama mkate, mbano huu unakupita hivi hivi. Ukigeuza kwa ubavu unaona aota imesimama wima, silieki inachomoza mbele, halafu milimita 5 hivi toka mwanzo wake imekandamizwa kutoka juu na kupinda kama ndoano, na baada ya mbano mshipa umetanuka. Ndoano hio ndio daktari anaitafuta. Mshipa uliozibwa na mafuta ya uzee unafanana vingine: unaziba pale pale mdomoni kwenye aota, mara nyingi na chokaa nyeupe, hauna ule mpindo.

Kitu cha nne ni pumzi tena. CT karibu zote zinapigwa mgonjwa amevuta pumzi akaizuia, na ukikumbuka nilivosema, hapo ndipo mbano unalegea. Kwa hio ukipigwa kwa pumzi ya ndani tu unaweza kuonekana mzima kumbe si mzima, na ukipigwa kwa pumzi ya nje tu unaweza kuonekana mgonjwa na wewe ni mmoja wa wale ambao kano limekaa chini na hawaumwi. Mbano unaoonekana hata pumzi ikiwa ndani una uzito zaidi. Bora ni zote mbili, ila kupiga mara mbili ni miale mara mbili. CT moja ya tumbo ni kama milisiveti 8 hadi 10 (ndicho kipimo cha miale), wakati binadamu kwa wastani wa dunia anapata 2.4 kwa mwaka mzima kutoka ardhini na angani bila kupigwa picha yoyote. Si ya kumkatisha mtu tamaa, lakini kwa msichana wa miaka 20 naona ni sababu ya kutosha ya kuacha pumzi zichunguzwe na dopla, alafu CT ipigwe mara moja tu na ipigwe vizuri. Kama dopla nzuri haipatikani, hapo ndio uzungumze na daktari wa picha kuhusu kupiga pumzi zote mbili kwa dozi ndogo, na kufunga eneo dogo la juu ya tumbo kwa ile ya pili.

Siku yenyewe inakwendaje? Unawekwa kanula nene kidogo kwenye mkunjo wa kiwiko, si ile ndogo ya mgongo wa kiganja, kwa sababu dawa inasukumwa na pampu kwa kasi ya mililita 4 au 5 kwa sekunde na kanula ndogo haiwezi. Unapewa maji unywe, sio ile dawa nyeupe ya kunywa. Dawa nyeupe inang'ara tumboni na kuwasumbua wanaotaka kuona mishipa. Ukilala dawa ikiingia utasikia joto linapanda kooni, mdomoni ladha ya chuma, na chini utahisi kama umejikojolea. Hujajikojolea. Akina mama wengi wanashtuka hapo na kusogea, na kusogea kunaharibu picha, kwa hio afadhali ujue mapema. Kisha unasikia sauti, vuta pumzi, zuia. Omba uifanyie mazoezi kabla, mwambie anayekupiga "nifundishe kwanza hio pumzi". Kazi ya mashine yenyewe ni sekunde chache.

Kuhusu dawa ya ayodini watu wana hofu mbili. Ya kwanza figo, na hio ni ya kweli, pima kreatinini (kipimo cha damu cha figo) kabla, hasa ukiwa na presha au sukari, na kama unameza metformin, ile dawa ya sukari, sema. Ya pili ni hii ya pwani: "mimi nikila kamba navimba, kwa hio siwezi dawa ya CT". Mzio wa kamba au samaki wenyewe si sababu ya kukunyima dawa hii kuliko mzio mwingine wowote. Kinachotakiwa ni kujua kama ulishawahi kuwekwa dawa hii hii ukavimba au kubanwa pumzi, hio usiifiche hata kidogo. Na kama kuna uwezekano wa mimba sema kabla hujapanda kitandani.

Kinachonifanya niiweke CT juu kwa uamuzi wa mwisho si ndoano peke yake, ni majirani. Silieki ikibanwa muda mrefu damu inatafuta njia ya mzunguko, inapitia vimishipa vinavyozunguka kongosho kutoka mshipa wa chini yake, yaani mesenteriki ya juu. Vimishipa hivo vikibeba damu nyingi miaka na miaka vinaweza kuvimba na kuta zake kuwa dhaifu, na kupasuka kwake ni hatari ya maisha. Dopla inaweza kuvikosa, CT inavionyesha. CT inamwonyesha pia mpasuaji matawi ya ini yanatoka wapi, maana si kila mtu ameumbwa sawa, kuna wenye silieki na mesenteriki zilizoungana shina moja. Na inaonyesha kongosho, na uvimbe ambao hakuna aliyekuwa akiutarajia.

Hapo hapo kuna ugonjwa mwingine unaochanganywa na huu kwa sababu wagonjwa wote wawili wamekonda na wanaumwa wakila: ule wa utumbo mwembamba wa mwanzo kubanwa kati ya aota na mesenteriki ya juu. Huko kinachobanwa ni utumbo, mshipa ndio unaobana, na mgonjwa anatapika sana na kujaa. Picha ile ile ya ubavu ndio inayotenganisha: pembe kati ya mishipa miwili ikishuka chini ya digrii 22 hadi 25, na nafasi ikawa chini ya milimita 8, unafikiria huo. Matibabu yake hayafanani kabisa, huko wanaanza kwa kumnenepesha mgonjwa ili mafuta yarudi kati ya mishipa. Ukienda kupasuliwa kano wakati tatizo ni utumbo umeumia bure.

MRI ya mishipa ni ya kati na kati. Haina miale, na inaweza kupiga pumzi zote mbili bila kukuongezea kitu. Lakini picha zake si kali kama za CT, unatakiwa uzuie pumzi kwa muda mrefu zaidi, na mtu anayeumwa tumbo anashindwa, picha zinatetemeka. Uko ndani ya bomba na kelele, ukiwa mtu wa kuogopa mahali pa kubana jiandae. Vyuma mwilini viulizwe kwanza. Mimi ningeipeleka kwa kijana ambaye dopla imeshindwa kumuona na familia haitaki miale, au aliyewahi kuvimba vibaya kwa dawa ya ayodini. Kwa figo mbovu sana uliza, maana gadolinia, dawa ya mshipani inayotumika kwenye MRI, nayo ina masharti yake. Mjamzito hapewi gadolinia bila sababu nzito.

Katheta, ile ya kupitisha mrija kutoka kwenye paja mpaka aota na kumwaga dawa hapo hapo, zamani ndio ilikuwa mwenye neno la mwisho. Inapiga kwa ubavu pumzi ndani na nje, na inaweza hata kupima presha ya damu kabla na baada ya mbano. Leo kwa utambuzi peke yake siioni haja kwa mtu mwenye CT angio nzuri. Inachoma, inaweza kuvuja damu pajani, ni ghali, na wagonjwa wengi wa huku kwetu itabidi wasafirishwe Nairobi. Inabaki pale ambapo CT na dopla zinapingana, au kile kimishipa cha kongosho kimevimba na kinatakiwa kuzibwa kwa mrija huo huo. Na ukiambiwa utawekewa stenti (kijibomba cha kuuweka mshipa wazi) wakati huo huo bila kano kukatwa, uliza mara mbili, manake kano likiwa bado linauma mshipa stenti inakandamizwa na kuvunjika.

Sasa tuseme una kesi yako mkononi. Kama umeshapigwa CT ya tumbo huko nyuma, iwe hospitali ya serikali ya Makadara au ya kibinafsi, usikimbilie kupigwa tena. Kaombe CD yenye picha zote, si karatasi ya ripoti na filamu mbili, umpe daktari wa picha na swali mahsusi: silieki ikiangaliwa kwa ubavu ikoje? Kama walipiga na awamu ya ateri (ule wakati wa mapema ateri ziking'ara) na vipande vyembamba, jibu linaweza kuwa limo humo tayari, halijatafutwa tu. Ripoti ya mwanzo kusema "tumbo la kawaida" haimaanishi aliyesoma ni mzembe, fomu iliandikwa "maumivu ya tumbo" na yeye alitafuta apendiksi na nyongo na kongosho kama alivoombwa.

Kama bado hujapigwa, hakikisha fomu ya daktari imetaja haya: inashukiwa silieki kubanwa na kano, CT angio ya tumbo awamu ya ateri, pumzi gani, picha za sajitali, na mgonjwa anywe maji tu. Fomu yenye maneno hayo inabadilisha namna mashine inavyopangwa na namna picha inavyosomwa. Bima nayo uliza kabla, SHA ya serikali au nyingine, kama wanataka idhini, usije ukafika umeshafunga na kanula mkononi alafu uambiwe subiri.

Kijana mwembamba ambaye hajapigwa chochote: dopla, kisha CT angio mara moja. Mzee mwenye sukari na sigara: kwake mafuta kwenye mshipa yanawezekana zaidi kuliko kano, CT angio baada ya kupima figo, usipoteze muda. Mjamzito: dopla, na mengine yangoje azae kama hali inaruhusu. Mtoto: dopla kwa mtu mzoefu, na kama haitoshi zungumzeni MRI kabla ya CT.

Mbano ukionekana na kila kitu kingine kimeondolewa, wengine wanapelekwa kuchomwa dawa ya ganzi kwenye lile fundo la neva, sindano ikiongozwa na picha, waone kama maumivu yanaondoka. Yakiondoka kwa muda, matumaini ya operesheni kusaidia yanapanda. Na baada ya operesheni dopla inarudi kazini: unapimwa kasi ile ile, pumzi nje na pumzi ndani, na kulinganishwa na ya kabla. Kwa hio ile karatasi ya dopla ya kwanza yenye namba, itunze, usikubali kupewa ripoti iliyoandikwa "imebanwa" bila namba.